Uamuzi Mmoja, Mahali Pamoja: Mhadhara juu ya Kurahisisha Usomaji wa Maneno katika Viendeshi vya Linux



Mada ya leo inaweza kuonekana ndogo kuliko ukumbi huu. Inahusu namna kiendeshi, yaani ile programu iliyomo ndani ya kiini cha mfumo endeshi na inayosimamia kifaa fulani, kinavyosoma neno moja lililoandikwa kuhusu kifaa hicho. Neno lenyewe huwa fupi: "host", "okay", "rgmii". Lakini Linux ina maelfu ya viendeshi, na kwa muda mrefu kila mwandishi aliyehitaji neno la namna hiyo alijiandikia msimbo wake wa kulitafuta, kulikagua, kulilinganisha na kuamua la kufanya likikosekana. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa wasimamizi wa Linux wamekuwa wakiuondoa msimbo huo kidogo kidogo na kuweka vitendakazi vichache vya pamoja. Kazi hiyo hupenda kusifiwa kwa hesabu ya mistari: kiraka, yaani badiliko la msimbo linalopendekezwa, kimefuta mistari kumi, kimeongeza mitatu. Ninadai kwamba hesabu hiyo haitoshi, na mara nyingine inapotosha. Msimbo umerahisishwa pale ambapo uamuzi unaofanana kwa wote umefanywa mara moja, mahali pamoja, na kiendeshi kimeachiwa maamuzi ambayo hakuna mwingine awezaye kuyafanya. Kiraka kinachopunguza mistari huku kikifukia uamuzi hakijapunguza ugumu; kimemrithisha yule atakayekuja kutafuta hitilafu.

Tuanze na mahali maneno hayo yanapotoka. Bodi nyingi zenye prosesa za ARM, zikiwemo zilizomo ndani ya simu za Android tunazotembea nazo hapa Afrika Mashariki, zina vifaa visivyoweza kujitambulisha. Kiini hakina njia ya kugundua chenyewe kwamba kwenye anwani fulani kuna kidhibiti cha USB, wala kwamba tundu lake limekusudiwa kuchomekwa kitu gani. Zamani habari hizo ziliandikwa kwa lugha ya C ndani ya kiini chenyewe, kila bodi na faili yake, hadi mwaka 2011 Linus Torvalds alipolalamika hadharani juu ya mrundikano na mvurugano wa msimbo wa ARM. Dawa ilikuwa imeshakuwepo: mti wa vifaa, uliotokana na Open Firmware, ambayo ilikuwa kiwango cha IEEE namba 1275 tangu mwaka 1994 na ilitumika kwenye mashine za Sun na za PowerPC. Mti huo hukabidhiwa kiini wakati mashine inapowaka. Kila nodi yake inaeleza kifaa, na kila kifaa kina sifa, kila sifa na jina lake na thamani yake. Kwenye kompyuta za kawaida kazi kama hiyo hufanywa na ACPI, ambayo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2014 nayo imeweza kubeba sifa zenye majina.

Thamani ya sifa katika mti wa vifaa, kwa macho ya kiini, ni baiti zilizopangwa na urefu wake, basi. Hakuna alama inayosema kwamba baiti hizi ni namba na zile ni neno. Neno "host" linahifadhiwa kwa baiti tano: herufi nne, kisha baiti ya sifuri inayoonyesha kwamba neno limeisha, kwa desturi ya lugha ya C iliyozaliwa Bell Labs mikononi mwa Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sifa ikiwa na maneno kadhaa, maneno hayo hupangwa moja baada ya jingine, kila moja na sifuri yake. Mwandishi wa kiendeshi aliyetumia njia ya kale, of_get_property, alipewa kielekezi cha baiti ya kwanza na urefu wa thamani, akaachwa hapo. Kabla hajalitumia neno, ilimpasa ajiulize: je, sifa ipo? Ikiwa ipo, ina chochote ndani? Je, sifuri ya mwisho imo ndani ya urefu uliotajwa, au nikianza kusoma nitavuka mpaka na kuingia kwenye kumbukumbu isiyonihusu? Ni neno moja au ni orodha? Na hata akijibu vizuri yote hayo, bado hajafika kwenye swali lililomleta, yaani neno hili lina maana gani kwa kifaa changu.

Maswali yale ya mwanzo hayahusiani na USB, wala na sauti, wala na mtandao. Majibu yake ni yale yale kwa kila kiendeshi duniani, na ndiyo maana ni haki yajibiwe mara moja. Kitendakazi of_property_read_string kinafanya hivyo kwa unyoofu wa kupigiwa mfano. Sifa isipokuwepo, kinarudisha kosa EINVAL. Ikiwepo bila thamani, ENODATA. Ikiwa na thamani isiyoishia na sifuri ndani ya urefu wake, EILSEQ. Mambo yakiwa sawa, kinarudisha sifuri na kumpa mwitaji kielekezi cha neno. Tazama kwamba faida hapa haimo katika ufupi peke yake. Mwandishi aliyeandika ukaguzi wake kwa mkono aliweza kuusahau ule wa tatu, na kusahau kwake kusionekane kwa miaka, kwa sababu miti iliyotengenezwa kwa zana za kawaida huweka sifuri ya mwisho bila kuombwa. Ukaguzi ulio ndani ya kitendakazi cha pamoja hausahauliki, maana hakuna anayetakiwa kuukumbuka.

Baada ya kulipata neno, inafuata kulilinganisha na orodha ya maneno yanayojulikana. Hapa ndipo msimbo wa mkono ulipojaza kurasa: kama ni hili, chukua thamani hii, la sivyo, kama ni lile, chukua ile, na kuendelea. Hebu tuitazame kwa karibu sifa iitwayo phy-mode, inayoueleza muungano kati ya kidhibiti cha mtandao na chipu inayozungumza na waya. Miongoni mwa maneno yake yamo "rgmii", "rgmii-id", "rgmii-rxid" na "rgmii-txid". Katika muungano huo mapigo ya saa yanatakiwa yachelewe kiasi cha nanosekunde 2 nyuma ya data, ili data isomwe ikiwa imetulia. Neno la kwanza linasema chipu isiongeze ucheleweshaji wowote. La pili linasema iongeze kwa kupokea na kwa kutuma. La tatu kwa kupokea tu, la nne kwa kutuma tu. Sasa mwandishi akilinganisha herufi tano za mwanzo peke yake, kwa kudhani anajikinga na neno refu kupita kiasi, maneno yote manne yatakuwa kitu kimoja kwake. Msimbo utakubaliwa na kompaila, kiini kitawaka, taa ya waya inaweza hata kuonyesha kwamba muungano upo, na data isipite au ipite kwa kupotea njiani. Yote hayo kwa sababu ya uamuzi mmoja, wa kulinganisha neno zima au mwanzo wake, ulioachwa kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha kadi ya mtandao.

Mwaka 2016 kiini kilipata kitendakazi match_string, kinachopokea safu ya maneno na neno moja, kikarudisha nafasi ya neno hilo ndani ya safu. Ngazi ndefu ya "kama" na "la sivyo" ikawa jedwali. Jedwali lina sifa ambayo ngazi haina: msomaji analiona lote kwa mtazamo mmoja, na neno jipya huongezwa kwa mstari mmoja pasipo kugusa mantiki. Hapo kabla, mwaka 2015, toleo la 3.19 lilikuwa limeleta vitendakazi vinavyosoma sifa bila kujali kama zimetoka kwenye mti wa vifaa au kwenye ACPI. Kiendeshi kilichokuwa na njia mbili za kusoma, moja kwa kila chanzo, kikaweza kubaki na moja. Hii nayo ni hoja ileile kwa sura nyingine: habari imetoka wapi si swali la kiendeshi.

Lakini jedwali halitoshi kuthibitisha kwamba kazi imekwisha, na mfano mzuri ni sifa dr_mode ya USB. Inaeleza kama tundu litafanya kazi upande wa mwenyeji, kama kompyuta inayopokea kibodi. Au upande wa kifaa, kama simu iliyochomekwa kwenye kompyuta. Au pande zote kwa zamu. Maneno yake ni matatu: "host", "peripheral" na "otg". Kitendakazi cha pamoja cha USB kinalisoma neno, kinalitafuta kwenye safu, na lisipopatikana kinarudisha jibu "haijulikani". Kasoro ni kwamba hurudisha jibu hilohilo hata sifa yenyewe isipokuwepo. Mwongozo wa sifa hiyo unasema kidhibiti chenye uwezo wa pande zote mbili kichukue "otg" ikiwa hakikuandikiwa kitu. Basi mtengenezaji wa bodi aliyekusudia "peripheral" akaipindua herufi moja, anatendewa kama aliyenyamaza. Kiendeshi hakina namna ya kutofautisha asiyesema na aliyesema visivyo, na mhandisi anabaki kushangaa kwa nini tundu lake lina tabia asiyoiomba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kosa lisiloandikwa kwa jina lake hupotea vivyo hivyo.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kipimo halisi cha urahisishaji. Kukosekana kwa sifa ni jambo halali mara nyingi: mwandishi wa mti ameacha chaguo la kawaida lifuatwe. Neno lisilojulikana ni jambo jingine: ama mtu amekosea, ama mti ni mpya kuliko kiini na unataja uwezo ambao kiini hiki bado hakijaufahamu. Kiendeshi peke yake ndicho kinachojua kama katika hali ya pili ni salama kuendelea na chaguo la kawaida, au ni afadhali kikatae kuwasha kifaa na kuandika onyo. Msimbo wa mkono uliosoma kisha ukatafuta ulizichanganya hali hizi kwa urahisi, kwa sababu hatua ya kwanza hurudisha EINVAL sifa isipokuwepo, na match_string nayo hurudisha EINVAL neno lisipopatikana. Aliyebeba namba hiyo juu hadi mwisho alikuwa ameshapoteza tofauti. Kitendakazi kipya zaidi, fwnode_property_match_property_string, huziunganisha hatua zote mbili katika mwito mmoja na hurudisha ENOENT pale neno lilipo lakini halimo kwenye orodha. Mistari imepungua, ndiyo. Kilicho bora zaidi ni kwamba kiendeshi sasa kinaulizwa waziwazi: utafanya nini hapa, na utafanya nini pale?

Mfano wa kinyume, wa uamuzi uliokusanywa vizuri, ni sifa status. Kanuni ya mti wa vifaa inasema kifaa kinachofanya kazi kiandikwe "okay". Kiini kinakubali pia "ok", na sifa isipoandikwa kabisa kifaa huhesabiwa kuwa kipo tayari. Kanuni tatu hizi zinakaa ndani ya kitendakazi kimoja, na viendeshi kwa kawaida havisomi sifa hiyo kabisa, kwani kiini huamua kabla havijaitwa. Hebu fikiri kila kiendeshi kingejisomea: wangekuwepo waliosahau "ok", na waliochukulia ukimya kuwa ni kukataa, na bodi moja ingefanya kazi kwa kiendeshi hiki na kugoma kwa kile.

Zipo pingamizi, na zote zina uzito. Ya kwanza husema mti wa vifaa hauji kutoka kwa adui. Umeandikwa na aliyetengeneza mashine. Anayeweza kuubadilisha ana uwezo wa kubadilisha kiini chenyewe. Kwa hiyo ukaguzi wa sifuri na mipaka ni woga wa bure. Ninakubali nusu ya hoja hii. Anayeandika mti kwa kawaida si mvamizi, lakini ni binadamu, na binadamu hukosea. Kuna wanaoongeza kwamba siku hizi maelezo ya sifa huandikwa kwa YAML, maneno halali yakaorodheshwa, na zana ikaikagua miti kabla haijatoka. Ukaguzi huo ni wa thamani kubwa, nao hufika pale tu unapoendeshwa: kwenye miti iliyomo ndani ya hazina ya msimbo. Mti uliokwishachomwa ndani ya kifaa kilichouzwa hauko mbele ya zana hiyo, na huenda usibadilishwe tena maisha yake yote. Katika masoko yetu, ambako kifaa hutumika na kuuzwa tena muda mrefu baada ya mtengenezaji kuacha kukitolea masasisho, kiini ndicho mkaguzi wa mwisho.

Pingamizi ya pili ni ya wasimamizi wenye uzoefu: msimbo wa zamani unaofanya kazi usiguswe. Kila kiraka cha kusafisha kinaweza kuleta kosa jipya, na hufanya iwe vigumu kurudisha marekebisho ya kweli kwenye matoleo ya zamani. Hii ndiyo pingamizi ninayoiheshimu kuliko zote, na ushahidi wake umo katika sifa ileile ya phy-mode. Msimbo wa kiini unaoisoma hulinganisha bila kujali herufi kubwa na ndogo, na isipopatikana hutafuta sifa nyingine, phy-connection-type. Mtu mwenye bidii akija na match_string, inayotofautisha herufi kubwa na ndogo, atafuta mistari kadhaa na kuvunja bodi yoyote iliyoandika neno hilo kwa herufi kubwa, bodi ambayo ilikuwa halali jana. Mti wa vifaa ni ahadi kati ya kiini na mashine zilizokwisha kutoka kiwandani. Urahisishaji unaoivunja ahadi hiyo umebadilisha tabia na kujiita usafi. Kwa hiyo jibu langu ni hili: msimbo wa zamani uguswe pale ambapo mguso wenyewe unasahihisha tabia, au pale kiendeshi kinapofanyiwa kazi kwa sababu nyingine na yupo mtu mwenye mashine ya kujaribia. Viendeshi vipya ndivyo visiruhusiwe kuanza na desturi za kale.

Pingamizi ya tatu husema kitendakazi cha pamoja kina mitego yake, na kikikosea kinakosea kwa wote. Ni kweli. match_string husimama pale kinapokutana na nafasi tupu ndani ya safu, hata kama maneno mengine yanafuata. Mwandishi aliyepanga safu yake kwa namba zenye pengo katikati atashangaa kwamba maneno ya baada ya pengo hayapatikani kamwe. Ndiyo maana katika safu ya dr_mode nafasi ya sifuri, iliyo ya "haijulikani", imewekewa neno tupu badala ya kuachwa wazi. Lakini tazama historia ya kunakili maneno ndani ya kiini. strncpy ilikuwa haiweki sifuri ya mwisho neno likijaza nafasi yote. Ikaja strlcpy, iliyotoka OpenBSD, iliyoweka sifuri lakini ikalazimika kulisoma neno la chanzo hadi mwisho wake, hata kama mwisho huo haupo. Mwaka 2015 ikaletwa strscpy, isiyosoma kupita inachohitaji na inayosema waziwazi neno lilipokatwa. strlcpy iliondolewa kabisa katika toleo la 6.8 la mwaka 2024. Ilichukua karibu miaka tisa, na bado iliwezekana, kwa sababu kosa lilikuwa na jina moja ambalo mtu angeweza kulitafuta katika kiini chote. Kosa lililoandikwa upya kwa mkono katika viendeshi mia tano, kila kimoja kwa mtindo wake, halina jina la kutafutia.

Wapo pia wanaosema tusubiri Rust, iliyoingia Linux katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Rust inaweza kumzuia mwandishi asisome nje ya mipaka, na hilo si dogo. Lakini kompaila haiwezi kumjulisha kwamba "rgmii" na "rgmii-id" ni miungano miwili, wala kumwamulia kama tundu la USB lenye neno geni liwashwe au lizimwe. Lugha mpya itaondoa aina fulani ya makosa na kutuachia hasa yale ninayoyazungumzia leo.

Kwa walimu na wanafunzi walio hapa, hoja hii ina matumizi ya moja kwa moja. Viraka vya aina hii hupendekezwa mara nyingi kwa anayetaka kuanza kuchangia Linux, kwa kuwa ni vifupi na vinasomeka. Anayekiandika au kukikagua asitosheke na hesabu ya mistari. Aandike kwenye maelezo ya kiraka kiendeshi kilikuwa kinafanya nini sifa isipokuwepo, neno lisipojulikana, na neno lilipoandikwa kwa herufi nyingine, kisha aandike kinafanya nini sasa. Majibu yakifanana yote, amefanya usafi na asemwe hivyo. Yakitofautiana, amebadilisha tabia, na ni lazima aeleze ni mashine zipi zitaguswa na kwa nini tabia mpya ni bora. Na asipoweza kuyajibu, kiraka chake hakijawa tayari, hata kikiwa kimefuta mistari mia.